Ndege tisa, watu wawili: tiketi moja au vipande vipande?

Bint_Tudor

Salaam alaykum. Nawaomba wanaoijua kazi hii ya tiketi wanisaidie. Tunasafiri wawili, mimi na shangazi yangu, tunatoka Mombasa katikati ya Septemba. Mpango kwa sasa ni huu: Bangkok siku nne, Hanoi nne, Hong Kong tatu, Kuala Lumpur tano, Singapore tatu, Mumbai nne, kisha nyumbani. Nikihesabu na Nairobi ya kwenda na ya kurudi, ni ndege tisa. Sote tuna pasipoti za Kenya. Shangazi ana miaka 64, magoti yanamsumbua na anameza dawa za presha.

Ajenti mmoja anauza safari nzima kwa tiketi moja, bei yake inatisha. Mwingine ananiambia ninunue vipande vipande mtandaoni, kila ndege na tiketi yake, na tofauti ya bei si ndogo. Nishike lipi? Na je, tuandikwe pamoja au kila mtu na tiketi yake? Viza nianze na ipi? Mwisho, kuna aliyenishauri tutoke Kuala Lumpur hadi Singapore kwa basi ili tupunguze ndege moja. Shukran.

Kaskazi22

Wa alaykum salaam, bibie. Kabla ya bei, zitazame upya hizo ndege tisa. Ndege yenyewe ni nadra kuharibu safari. Kinachoharibu ni kiungio, pale unaposhuka hii na kuingoja ile. Ndege zote mbili zikiwa kwenye tiketi moja, kiungio ni cha shirika: ya kwanza ikichelewa, ni juu yao kuwatafutia nyingine bila malipo. Zikiwa tiketi mbili zisizojuana, kiungio ni chako: ya kwanza ikichelewa, ya pili imekufa na hakuna wa kumdai.

Sasa hesabu viungio vya siku moja katika mpango wako. Ni viwili tu, Nairobi mkienda na Nairobi mkirudi. Kwingine kote mnalala siku tatu, nne, tano. Ndege ya Bangkok kwenda Hanoi ikichelewa saa sita, mtakachopoteza ni chakula cha jioni. Kwa hiyo ajenti wa kwanza anakuuzia kinga mahali usipoihitaji, na wa pili anakuvua kinga mahali unapoihitaji.

Nunua hivi. Tiketi moja ya miji mingi yenye sehemu mbili: Mombasa–Nairobi–Bangkok kwenda, Mumbai–Nairobi–Mombasa kurudi. Kenya Airways huruka Bangkok na Mumbai zote mbili. Linganisha na Ethiopian, ambao hutoka Mombasa moja kwa moja hadi Addis Ababa, na kutoka Addis wanafika Bangkok na Mumbai pia. Kwao mnaikwepa Nairobi kabisa. Kwenye ukurasa wa kutafuta ndege usichague "njia moja" mara mbili. Tiketi ya njia moja ya masafa marefu mara nyingi huuzwa zaidi ya nusu ya bei ya kwenda na kurudi. Chagua "miji mingi" na ujaze sehemu zote mbili kwa pamoja.

Katikati nunua tano ndogo ndogo: Bangkok–Hanoi, Hanoi–Hong Kong, Hong Kong–Kuala Lumpur, Kuala Lumpur–Singapore, Singapore–Mumbai. Njia zote hizo zina ndege za moja kwa moja. Kwa mfuatano huo ni kama saa mbili, mbili, nne, moja, na tano na nusu. Usikubali ya kupitia mahali pengine hata ikiwa rahisi kwa elfu chache. Mfano mbaya kuliko yote ni Hanoi–Hong Kong ya kurudi kupitia Bangkok kwa tiketi mbili tofauti: itabidi muingie Thailand tena kuchukua mabegi, na viza yenu ya kuingia mara moja mlishaitumia.

Mtego wa pwani yetu ni treni. Mtu ana tiketi inayoanzia Mombasa, kisha anaona heri apande SGR Miritini hadi Syokimau, adake ndege ya Bangkok pale Nairobi. Usifanye. Kuponi za tiketi, yaani kipande cha kila ndege, hutumika kwa mpangilio wake. Usipotokea kwenye ya Mombasa–Nairobi, mfumo hufuta zote zinazofuata, ya Bangkok na za kurudi pia. Kama unaitaka treni, nunua tiketi inayoanzia Nairobi tangu mwanzo, mlale Nairobi usiku mmoja, na ujue kwamba hicho ni kiungio chako mwenyewe.

Septemba ni msimu wa vimbunga upande ule. Uwanja wa ndege wa Hanoi, Noi Bai, ulifungwa tarehe 7 Septemba 2024 kwa ajili ya kimbunga Yagi, na Septemba 2025 Ragasa kilisimamisha karibu safari zote za abiria Hong Kong. Ishara ya kimbunga namba 8 ikishapandishwa Hong Kong, mji hufunga maduka na ndege huanza kufutwa. Huwezi kukizuia kimbunga, ila unaweza kupanga siku nyingi ziwe *baada* ya mahali pa hatari. Mpango wako umefanya hivyo bila kujua: Hong Kong inafuatwa na Kuala Lumpur ya siku tano, kwa hiyo mkizuiwa siku mbili mnakula siku za Kuala Lumpur, na tiketi ya Singapore haiguswi. Usije ukapunguza zile tano. Na hoteli ya usiku wa kwanza Kuala Lumpur iwe ya kufutika bila adhabu. Jambo moja tu: mtoke Hong Kong kabla ya tarehe 1 Oktoba, maana China nzima huwa likizoni tangu siku hiyo hadi tarehe 7, na bei za vyumba na ndege hazishikiki.

Kuhusu kuandikwa pamoja: ndiyo, tiketi zote. Ile namba ya uhifadhi ya herufi na tarakimu sita iwe moja kwa wote wawili. Ndege ikifutwa, mfumo hupanga abiria upya kwa kufuata namba hiyo. Mkiwa na mbili, shangazi anaweza kuwekwa ya leo na wewe ya kesho, na kaunta ikaona kila kitu ki sawa. Ubaya wake ni mmoja: mmoja wenu akinyimwa viza au akitaka kubadili tarehe, lazima uhifadhi ugawanywe kwanza, *ndipo* mabadiliko yafanywe. Ukibonyeza "badilisha" kabla ya kugawanya, mnabadilika wote na mnalipishwa wote.

DadaWaKongowea

Kaskazi amemaliza ya tiketi. Mimi nashika makaratasi, maana hapo ndipo watu wanaporudishwa nyumbani wakiwa bado uwanjani Port Reitz.

Dadangu, anza na majina. Fungua pasipoti, tazama mistari miwili ya chini yenye alama za <<<. Kilichoandikwa baada ya KEN na kabla ya << ndilo jina la ukoo kwa hesabu ya mashine. Yanayofuata ni majina mengine. Hivyo hivyo ndivyo tiketi na viza zote ziandikwe. Majina yetu ya pwani yana shida ya aina yake: mtu anaitwa kwa jina lake, la baba na la babu, kisha kwenye fomu anaweka la baba mahali pa ukoo, au anaongeza "binti" ambayo haimo kwenye pasipoti. Tiketi ikiandika majina yote yakiwa yameshikana bila nafasi, hiyo si kosa. Mfumo wa mashirika ndivyo unavyoandika. Kosa ni herufi kupungua au ukoo kukaa mahali pa jina la kwanza. Kurekebisha siku uliyonunua kwa kawaida ni rahisi, lakini kwenye kaunta siku ya safari ni balaa.

Pasipoti ziwe na miezi sita mbele ukihesabu tangu siku ya kuingia nchi ya *mwisho*, yaani India, pamoja na kurasa tupu za kutosha. Mna mihuri ya kuingia na kutoka nchi kadhaa.

Viza zenyewe: Hong Kong, Malaysia na Singapore, mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza kwa matembezi mafupi. Zinazobaki ni tatu, na zote huombwa mtandaoni. Anza na Thailand, kwa sababu ndiyo inayotaka nyaraka nyingi: taarifa ya benki, mahali pa kulala, tiketi ya kuingia na ya kutoka. Hiyo Bangkok–Hanoi ndiyo tiketi yenu ya kutoka, kwa hiyo ihifadhi mapema. Vietnam ni nyepesi. Tangu Agosti 2023 viza yao ya mtandaoni iko wazi kwa nchi zote, hadi siku 90. Ya kuingia mara moja ni dola 25, ya mara nyingi ni 50. Chagua mara moja. Wao ni wakali kwa jina na kwa tarehe: viza inaanza siku uliyoandika, ukitua kabla ya hapo hata kwa saa moja hupandi ndege. India ya siku 30 huombwa ndani ya siku 30 kabla ya kufika, na mkiwa na siku 25 za safari, dirisha hilo linaangukia karibu sana na siku ya kuondoka. Heri muombe ya mwaka mmoja, ambayo huombwa hadi siku 120 kabla, mkaipata mkononi mkiwa bado nyumbani. Kuomba viza ukiwa chumba cha hoteli Hanoi, kwa simu, na picha ya pasipoti yenye mng'ao, ni kujitafutia homa.

Ukishamaliza viza, kuna kadi za kuingia za mtandaoni, na hizi zina mwanya mdogo: siku tatu kabla ya kufika. Thailand inazo tangu Mei 2025, Malaysia na Singapore wanazo, India wameanza Oktoba 2025. Zote ni bure. Ukiombwa kulipa, umeingia tovuti ya matapeli, funga. Andika kwenye kalenda ya simu siku ya kujaza kila moja, kwa sababu ya Malaysia mtaijaza mkiwa Hong Kong na ya Singapore mkiwa Kuala Lumpur, na kila mtu ana yake hata mkiwa na uhifadhi mmoja.

Chanjo ya homa ya manjano: Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, kwa hiyo kadi ya njano haina mjadala. Kadi huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano, na tangu 2016 hudumu maisha. Ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado ni halali, usidungwe tena bure. Mkitua Suvarnabhumi, uwanja wa Bangkok, *kabla* ya foleni ya uhamiaji tafuteni dawati la afya, mgongewe muhuri hapo. Wengi hupanga foleni ya pasipoti nusu saa kisha wakarudishwa nyuma.

Lakini kwa shangazi simameni kidogo. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa mtu aliyevuka miaka 60 anayedungwa kwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa ni zaidi kuliko kwa kijana. Si kusema haiwezekani. Ni kusema daktari amwone kwanza, mapema, akiwa na orodha ya dawa zake zote. Daktari akiona isifanyike anaweza kumwandikia cheti cha msamaha, ila nchi hailazimiki kukikubali, kwa hiyo suala hili limalizwe kabla ya kulipia tiketi yoyote. Naliweka la mwisho kwenye maelezo lakini liwe la kwanza kwenye orodha yako.

Kiti_cha_Njiani

Naongeza ya shangazi, kwa magoti.

Omba kiti cha magurudumu kwa kila ndege, na kwa kila shirika peke yake. Ombi la Kenya Airways halifiki kwa shirika la Hanoi. Fanya hivyo angalau saa 48 kabla. Kuna namna tatu na msimbo wake uandikwe sawa: WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi za ndege lakini hawezi kutembea masafa, WCHS hawezi ngazi, WCHC hawezi kutembea kabisa. Kwa magoti ya kusumbua ngazini, WCHS ndiyo sahihi. Watu huandika WCHR kwa kuona haya, kisha ndege ya bei rahisi inaegeshwa mbali na jengo, abiria wanapelekwa kwa basi, na mbele yao kuna ngazi ya vipandio ishirini. Mwenye WCHS huletewa gari la kuinua. Anayesukuma kiti huwapitisha nyote wawili kwenye mistari ya pembeni, kwa hiyo usitengane naye hata ukienda kununua maji.

Kiti cha ndani ya ndege: Kenya Airways hutumia Boeing 787 kwa safari ndefu, mpangilio wa tatu-tatu-tatu. Mweke shangazi njiani, nawe katikati au dirishani upande huo huo. Ujanja wa kuchukua dirishani na njiani mkitumai cha katikati kibaki tupu hufaa ndege ikiwa nusu. Ikijaa, yule wa katikati atabadilishana nanyi kwa furaha, kwa hiyo hampotezi kitu. Epuka safu ya mbele kabisa: miguu ina nafasi, lakini mkono wa kiti hauinuki na mkoba lazima uwekwe juu wakati wa kuruka, pamoja na dawa zake. Nairobi–Bangkok ni zaidi ya saa tisa. Ainuke kila saa moja na nusu hivi, achezeshe vifundo vya miguu, anywe maji hata kama anaogopa kwenda msalani. Soksi za kubana miguu zinafaa, ila amuulize daktari kipimo. Zikizidi kubana zinadhuru.

Dawa za presha ziwe mkobani, si kwenye begi kubwa, ndani ya maboksi yake, na barua ya daktari yenye jina la kemikali, si la kampuni tu. Mchukue za siku kumi zaidi. Kama anazo za maumivu zenye codeine au za usingizi aina ya diazepam, Singapore hutaka kibali cha mamlaka yao ya afya kabla ya kufika. Ni rahisi zaidi kumwomba daktari ambadilishie. Masaa ya dawa pia: Bangkok na Hanoi wako mbele yetu saa nne, Hong Kong, Kuala Lumpur na Singapore saa tano, Mumbai saa mbili na nusu. Kwa ya mara moja kwa siku, aliyezoea kumeza saa mbili asubuhi ya kwetu atameza saa sita mchana Bangkok, na ni sawa tu. Kisha muulizeni daktari kama avute saa kidogo kidogo au aache vivyo hivyo.

Chakula: msimbo wa chakula cha Kiislamu ni MOML, uombwe saa 24 kabla au zaidi, tena kwa kila kipande. Kwenye ndege ndogo za katikati nyingi hupati chakula mpaka ununue, na ya Hanoi–Hong Kong usitegemee halali. Tende na mkate wa mofa mkobani, mambo yameisha. Vyumba vya kuswalia vipo Suvarnabhumi, Hong Kong, Kuala Lumpur na Changi ya Singapore.

Bint_Tudor

Mungu awabariki. Hilo la chanjo sikulijua, kesho tunaenda kwa daktari. Sasa mizigo: tiketi ya kwenda inaruhusu vipande viwili vya kilo 23 kila mtu, nikadhani tumepata. Na lile la basi mbona limeachwa?

BegiMoja

Kilo 46 ni mtego, bibie. Begi hupimwa kwa tiketi ndogo kuliko zote. Mashirika ya bei rahisi ya upande ule hukupa kilo 7 za mkononi tu, AirAsia na VietJet ni hivyo. Scoot ni 10. Begi la chini hununuliwa mbali, na bei ya kununua wakati wa kukata tiketi haifanani hata kidogo na ya kaunta uwanjani. Kwa hiyo kila mmoja begi moja la kilo 20 mwisho, ulilipie mapema kwenye zile ndege tano, na mkoba wa kilo 7 *pamoja na* kile kimkoba cha begani, maana wanaviweka vyote kwenye mizani. Nafasi ya vitambaa vya Mumbai ipo: Mumbai ndiyo kituo cha mwisho, na kutoka hapo mnarudi kwenye tiketi kubwa. Nunueni huko, si Bangkok.

Begi likipokelewa soma lebo kabla hujaondoka kaunta. Herufi tatu kubwa ndipo litakapotokea. Mombasa mkienda lazima iandikwe BKK. Ikiandikwa NBO, mwambie aibadilishe hapo hapo. Mkirudi toka Mumbai mtafute MBA. Herufi hizo zitazame na kwenye tiketi pia, kwa sababu miji hii ina viwanja zaidi ya kimoja: Bangkok ni BKK na DMK, na ndege nyingi rahisi hutoka DMK upande mwingine wa mji; Mumbai ni BOM na kipya cha NMI. Kuala Lumpur ni KUL moja lakini ina majengo mawili, na AirAsia wako la pili. Treni ya KLIA Ekspres kutoka KL Sentral, stesheni ya mjini, hufika la kwanza kwa dakika 28 na la pili kwa 33, kwa hiyo msishuke mapema.

Pawabenki iwe mkobani, kamwe si begi la chini. Kikomo ni wati-saa 100 bila kibali: zidisha mAh kwa 3.7 kisha gawa kwa 1000. Ya 20,000 ni 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, inataka kibali. Isiyo na maandishi ya kipimo hunyang'anywa, hata kama ni ndogo. Kuichajia simu ndani ya ndege za Hong Kong na Singapore Airlines kumepigwa marufuku tangu 2025, na za Hong Kong haziruhusu kuiweka kwenye kabati la juu.

Sigara za umeme msibebe kabisa. Thailand, Hong Kong na Singapore haziruhusiwi kuingizwa. Na niseme jingine waziwazi kwa sababu sisi ni watu wa Mombasa: miraa na muguka, hata kijiti kimoja kilichosahaulika mfukoni, kuleni au mtupe kabla ya kutoka nyumbani. Kemikali ya cathinone iliyomo iko kwenye orodha ya juu ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, na nchi mnazokwenda hazina mzaha. Vivyo hivyo kifurushi cha "mpelekee binamu yangu Bangkok". Jibu ni hapana, hata akiomba imamu. Singapore, zaidi ya gramu 15 za heroini safi ni hukumu ya kifo, na mahakama hazianzi kwa kuuliza begi lilifungwa na nani.

Kuhusu basi: saa tano hadi sita, bei rahisi, viti vipana, linatoka mjini na kushuka mjini bila kupoteza saa uwanjani. Mimi naliunga mkono.

Kiti_cha_Njiani

Kwa kijana, ndiyo. Kwa shangazi, hapana. Basi husimama mara mbili mpakani. Upande wa Johor Bahru mnashuka kugongewa muhuri wa kutoka, mnapanda, mnavuka. Upande wa Singapore mnashuka tena, safari hii na mabegi yote, mnatembea hadi uhamiaji na mashine ya ukaguzi, kisha mnalitafuta basi lenu kati ya mabasi yanayofanana. Jioni ya Ijumaa foleni huwa ndefu kupita kiasi, mabasi mengine hayangoji, na hakuna wa kumsukuma kwenye kiti. Ndege ni saa moja hewani na kiti cha magurudumu mlangoni.

BegiMoja

Magoti nimeyasahau. Naliondoa basi.

Kaskazi22

La mwisho kutoka kwangu, maana limewaachisha wengi ndege: saa. Tiketi husoma saa za kizungu na tarehe hubadilika saa sita usiku. Ukiona 00:45 Ijumaa, hiyo ni saa sita na dakika arobaini na tano, usiku wa kuamkia Ijumaa. Uwanjani mnakwenda *Alhamisi* baada ya chakula cha jioni. Ukimwambia shangazi "usiku wa Ijumaa" ataelewa sawa, kwa sababu kwa hesabu ya wazee siku huingia na Magharibi. Ukimwambia hivyo hivyo kijana wa teksi, atakuja Ijumaa usiku na ndege imeshatua Bangkok. Sema "kuamkia", mara mbili. (Wahabeshi nao husoma saa kama sisi, kwa hiyo mkipita Addis na mtu akawatajia saa kwa mdomo, muulizeni ni ya wapi, ubao wa uwanja ni wa kizungu.) Alama ya +1 kando ya saa ya kutua maana yake ni kesho yake; hoteli ya Bangkok ihifadhi kwa tarehe hiyo, si ya kuondoka.

Mombasa–Nairobi iwe ile inayowafikisha saa nne au tano kabla ya ya Bangkok, hata kama mfumo unakupa ya kungoja saa moja na nusu tu kwenye tiketi hiyo hiyo. Mtalindwa mkichelewa, ni kweli, lakini kulindwa maana yake huenda ikawa kulala Nairobi na kuondoka kesho, na kiti cha magurudumu hakikimbii. Kutoka Tudor pigeni hesabu ya msongamano wa Makupa na Changamwe. Malori ya bandari hayaangalii tiketi ya mtu. Kama siku hiyo mtakuwa kwa jamaa Likoni, msivuke feri, zungukeni kwa barabara ya Dongo Kundu.

Kaunta ya Mombasa itataka kuona viza ya Thailand na tiketi ya kutoka Thailand, ambayo kwenye mfumo wao haionekani kwa kuwa ni ya shirika jingine. Ichapisheni karatasini, nakala mbili, moja kwako na moja kwa shangazi. Na kadi ya benki iliyolipia iwe mkononi mwenu. Kama amelipa mtu mwingine, ulizeni shirika kabla kama wanataka kuiona.